Kustaafu Kabla ya Wakati: Haki ya Mfanyakazi na Amana ya Uzee

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika hafla ya kumbukumbu ya chama chetu, Jinja, Uganda)



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana siku ya leo tukiwa wazima. Nawashukuru pia wakuu wa chama kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu, ingawa mimi si sheikh wala si mwanasheria. Nilikuwa karani wa ghala katika kiwanda kimoja cha mji huu kuanzia mwaka 1987 hata nilipostaafu mwaka 2019, nikiwa na umri wa miaka 55. Basi nitakayoyasema ni ya mfanyakazi aliyekwisha kuvuka mto, akawageukia walio ng'ambo ya pili kuwaonyesha palipo na mawe na palipo na kina.

Nimeombwa niseme juu ya pensheni na juu ya kustaafu kabla ya wakati. Jambo hili limekuwa kubwa katika barza zetu tangu Januari 2022, iliporekebishwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao sote twauita NSSF. Tangu siku hiyo sipiti msikitini ila kijana ananishika mkono na kuniuliza, "Mzee, nichukue au niache?" Swali hili halina jibu moja la kuwafaa watu wote. Lakini lina njia ya kulipima, na njia hiyo ndiyo nipendayo kuwaonyesha.

Kwanza tujue tunachokizungumza. Kwa mtumishi wa serikali aliyeandikwa katika kazi ya pensheni, umri wa mwisho wa kazi ni miaka 60. Na akiwa amefikia miaka 45, naye ametumika si chini ya miaka 10, anaweza kuomba kustaafu mapema. Huyo hupata kiinua mgongo chake, kisha pensheni ya kila mwezi. Lakini walio wengi katika sisi, yaani watu wa viwanda, maduka, shule za watu binafsi, hospitali na makampuni, hatumo katika mpango huo. Sisi tumo katika Mfuko uliosimamishwa kwa sheria ya mwaka 1985. Katika mshahara wa kila mwezi hukatwa mfanyakazi asilimia 5, na mwajiri hutoa kwake asilimia 10, ikawa jumla ni asilimia 15. Mwajiri haruhusiwi kuitoa asilimia 10 yake katika mshahara wa mfanyakazi. Na jumla yote hiyo hana budi kuifikisha katika Mfuko ndani ya siku 15 baada ya mwisho wa mwezi.

Mathalan, mtu mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa 30,000, na tajiri wake huongeza 60,000. Hizo ni 90,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,080,000. Katika miaka 10, pasipo kuhesabu nyongeza yoyote itolewayo na Mfuko, ni 10,800,000. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini angalieni jambo ambalo wengi hawalijui mpaka siku ya kulipwa: Mfuko huu haukupi pensheni ya kila mwezi hata kufa kwako. Wakupa fedha zako zote mara moja, mkononi, kisha hesabu imekwisha. Mtumishi wa serikali akikosea mwezi huu, mwezi ujao hupata tena. Wewe ukikosea mara moja, umekosea kwa uzee wako wote.

Sasa milango ya kuzipata fedha hizo ni hii. Mlango mkubwa ni umri wa miaka 55. Mlango wa pili ni miaka 50, lakini una sharti: uwe umekwisha kukaa nje ya kazi kwa mwaka mmoja. Mlango wa tatu ni wa mtu aliyepatwa na ulemavu au ugonjwa unaomzuia asiweze tena kufanya kazi. Mlango wa nne ni wa warithi, mwanachama akifariki. Na mlango uliofunguliwa mwaka 2022 ni huu: mwanachama aliyetimiza miaka 45, naye amechangia si chini ya miaka 10, aweza kuchukua sehemu isiyozidi asilimia 20 ya akiba yake, huku akiendelea na kazi. Mwenye ulemavu aliyefika miaka 40 na kuchangia miaka 10 aweza kuchukua hata asilimia 50. Sheria hiyo hiyo imewalazimisha waajiri wote kuwachangia watu wao, hata mwenye mfanyakazi mmoja tu, hali zamani waliolazimishwa walikuwa wale wenye wafanyakazi watano au zaidi. Basi wewe uliyeajiriwa dukani peke yako usidhani kwamba haki hii si yako.

Ndugu zangu, kuchukua mapema si dhambi, wala mtu asimwone mwenziwe mpumbavu kwa kuwa amechukua. Fedha ni zake. Ila yafaa ajue ni za nani hasa katika nafsi yake. Naona mimi ya kuwa fedha hizi ni amana. Kijana mwenye nguvu amewekeana amana na mzee ambaye hajaonana naye bado, na mzee huyo ni yeye mwenyewe. Mzee huyo hawezi kuja leo ofisini kugombania haki yake. Kwa hiyo kijana hana budi kumfanyia insafu. Sote twakijua kisa cha Nabii Yusuf, amani imshukie, jinsi miaka saba ya neema ilivyowekewa akiba kwa ajili ya miaka saba ya shida. Hakuwaambia watu wasile katika miaka ya neema. Waliambiwa wale kidogo, wabakize.

Sasa tupime. Tuseme mtu wa miaka 45 ana akiba ya shilingi 30,000,000. Asilimia 20 ni 6,000,000. Kwa mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2023, Mfuko uliwatangazia wanachama nyongeza ya asilimia 10. Hapana ahadi ya kuwa kila mwaka utakuwa hivyo. Lakini tukichukua kiasi hicho kwa mfano, milioni 6 zikiachwa kwa miaka 10 hufika milioni 15 na nusu. Ni kweli kwamba shilingi ya miaka 10 ijayo haitanunua kinachonunuliwa na shilingi ya leo. Hata hivyo mwenye kuchukua hana budi kujiuliza: je, kitu ninachokwenda kukifanya kwa milioni 6 hizi kitanipa faida inayokaribia hiyo?

Wako walioweza kujibu ndiyo. Jirani yangu mmoja alikuwa na nyumba aliyoisimamisha kuta, ikakaa miaka sita bila mabati, naye analipa kodi kwa watu kila mwezi. Alichukua sehemu yake, akaezeka, akatia milango, akahamia na watoto wake. Kodi aliyokuwa akiilipa sasa hubaki mkononi mwake. Huyo hakula akiba ya uzee, ameibadili sura tu. Lakini mwingine, naye ni rafiki yangu, alichukua zake akanunua pikipiki mbili za kukodisha bila ya kujua kazi hiyo. Moja iliibwa katika mwezi wa tatu, na ya pili ilimalizwa na matengenezo. Naye amenipa ruhusa niseme habari zake hapa, ili vijana wajifunze.

Ama mlango wa miaka 50, huo ndio uliowaumiza watu wengi niwajuao, kwa sababu ya ule mwaka mmoja. Mwenzetu mmoja wa kiwandani alichoka na zamu za usiku. Siku alipotimiza miaka 50 aliandika barua ya kuacha kazi, akatuaga kwa furaha, akisema baada ya wiki mbili atalipwa na kuanza ufugaji. Alipofika ofisini aliambiwa arudi baada ya kukaa mwaka mzima bila ajira. Hakudhulumiwa, ndiyo sheria ilivyo; ila yeye hakuwa ameiuliza kabla ya kuandika barua. Mwaka ule ulikuwa mrefu kuliko miaka yote aliyofanya kazi. Watoto wawili walikuwa sekondari. Alikopa kwa dukawala, kisha kwa jamaa, mwisho kwa wale wakopeshaji wanaoshika hati ya kiwanja. Fedha zake zilipotoka, karibu nusu ilikwenda katika madeni, na zile ng'ombe alizozitaja siku ya kutuaga hazikununuliwa. Basi mwenye kutaka kupita mlango wa miaka 50 na aweke kwanza chakula, karo na matibabu ya mwaka mzima, pembeni, kabla hajaandika barua. Kama hana, na avumilie kazini.

Hata baada ya kulipwa, fanyeni hesabu kwa kalamu. Mtu aliyepata milioni 40, na matumizi ya nyumba yake ni shilingi 800,000 kwa mwezi, fedha hizo zitamtosha miezi 50 tu, yaani miaka minne na miezi miwili, hata asipougua, wala asimwoze mtoto, wala asizike mtu. Akistaafu na miaka 50, zitakuwa zimemwishia kabla hajafika hata 55, umri ambao wenziwe ndio kwanza wanalipwa. Kwa hiyo kustaafu mapema kunamfaa mtu mwenye kitu kingine cha kumlisha: shamba linalozaa, ufundi anaoujua kwa mikono yake, au nyumba ya kupangisha. Asiye na kitu hicho hakustaafu. Ameacha kazi tu.

Nitasema sasa juu ya jambo langu mwenyewe, nami sioni haya, kwa kuwa kosa lilikuwa langu pia. Kwa miaka yote nilikuwa nikiona katika karatasi ya mshahara kwamba nimekatwa, nikalala usingizi. Nilipofika miaka 53 ndipo nilipoomba taarifa ya akiba yangu kwa mara ya kwanza. Nikakuta miezi 31 haimo. Nilikatwa, lakini hazikufikishwa. Wenye kiwanda wa wakati ule walikuwa wamekwisha kuuza na kuondoka, na waliokuwapo walisema hawajui habari hizo. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyefiwa. Mke wangu akanisikiliza, asiseme neno, akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe alikuwa amezihifadhi karatasi zangu za mshahara, zilizokuwa zikibaki katika mifuko ya suruali kabla ya kufua. Tulizipanga sakafuni mwezi kwa mwezi. Miezi 19 ilipatikana, na 12 haikupatikana. Kwa ile 19, baada ya mwaka mzima wa kwenda na kurudi, haki yangu ililipwa. Kwa ile 12 sikuwa na ushahidi, nayo imekwenda.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na dini yetu imetuamrisha kuandikiana deni na kuweka mashahidi, katika aya iliyo ndefu kuliko zote za Kurani. Itakuwaje basi deni kubwa kama hili, la miaka 30, tuliache bila ya kulitazama? Kila mwanachama na aombe taarifa yake mara moja kwa mwaka, kwa simu au katika tawi la Mfuko. Akiona mwezi umeruka, aulize mwezi ule ule, maana mwajiri angalipo na karani wa mishahara angali akikumbuka. Na karatasi za mshahara, barua ya kuajiriwa na barua ya kuacha kazi zisitupwe.

Twawakumbuka pia wazee wetu wa reli, bandari na posta. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mashirika yake yaligawanyika, na wafanyakazi wake wakabaki wakiuliza ni serikali gani itakayowalipa. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984 tu, na ndani yake kila nchi ilikubali kuwalipa watu wake. Kati ya miaka hiyo saba, na hata baadaye, aliyekuwa na vyeti vyake aliweza kusimama na kudai. Asiyekuwa navyo alidai kwa mdomo tu, na mdomo haufunguliwi faili.

Neno jingine ni juu ya wake zetu na mayatima. Mwanachama akifariki, akiba yake hudaiwa na waliomtegemea, nao huulizwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa kwa watoto. Waislamu wengi tumefunga ndoa kwa mashahidi na mahari, ndoa sahihi mbele ya Mungu, lakini hatukuiandikisha. Siku ya msiba mjane husimama dirishani mikono mitupu, akiulizwa karatasi. Mwenye mke wa pili ambaye jina lake halimo popote amemwachia mama huyo aibu na ugomvi. Nawaomba wanaume wenzangu: andikisheni ndoa zenu, wachukulieni watoto vyeti, sahihisheni majina yasiyolingana, na mwambieni mke mahali zilipo karatasi. Juu ya namna ya kugawa fedha hizo kwa mirathi ya sharia, waulizeni masheikh mngali hai, mkaandike wasia wenu. Msiwaachie ndugu wakaulize kaburini.

Najua pia kwamba wako wanaoingiwa na shaka juu ya nyongeza ya kila mwaka, kwa kuwa sehemu kubwa ya mali ya Mfuko imewekwa katika mikopo ya serikali yenye riba. Shaka hiyo ni ya mtu mwenye imani, wala isidharauliwe. Mimi sina elimu ya kutoa fatwa. Nasema tu kwamba taarifa ya akiba huonyesha mbali fedha zilizochangwa na mbali nyongeza iliyotolewa; kwa hiyo mwenye shaka aweza kuichukua karatasi hiyo kwa mwanachuoni amwaminiye, akapata jibu juu ya nyongeza na juu ya zaka, kabla ya siku ya kulipwa wala si baada ya kuzitumia. Na kwa atakayetaka mahali pa kuziweka, mwaka 2023 Benki Kuu ya Uganda ilitoa leseni kwa benki ya kwanza ya Kiislamu nchini, baada ya sheria ya mabenki kurekebishwa mwaka 2016.

Na juu ya hija, ambayo wengi hunuia kuitimiza kwa fedha za kustaafu: nia hiyo ni njema, Mungu aipokee. Lakini masheikh wetu wametufundisha kwamba uwezo wa kuhiji haukamiliki mpaka mtu alipe madeni yake na kuwaachia anaowalisha mahitaji yao. Asirudi mtu na jina la Alhaji akaikuta nyumba yake ina njaa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla ya kushuka nina ombi moja kwa chama. Katika sisi wako wastaafu, makarani, walimu, na vijana wanaojua mambo ya simu. Yafaa tuweke siku moja katika kila miezi mitatu, baada ya sala ya Alasiri, ambapo mfanyakazi yeyote, Mwislamu au asiye Mwislamu, aweza kuja na karatasi zake tukamsaidia kuisoma taarifa yake na kuandika barua ya madai. Jambo hili halihitaji fedha. Lahitaji meza moja, kalamu, na watu wawili wenye subira. Mimi naliandika jina langu liwe la kwanza.

Nanyi vijana, mkiniuliza tena msikitini, "Mzee, nichukue au niache?" nitawajibu kwa maswali manne. Umeiona taarifa yako? Umeijua sheria ya mlango unaotaka kuupita? Umehesabu miezi ambayo fedha hizo zitakulisha? Na mke wako anajua? Mwenye kuyajibu manne haya na afanye analoliona ni la kheri, amtegemee Mungu. Asiyeweza kuyajibu, na aende nyumbani kwanza, autafute mkebe wa biskuti.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, uzee usio na fedheha, na mwisho mwema. Amin.

Wabillahi taufiki, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.